Jeraha la mbwa halifichwi

Wahenga walisema kwamba mficha ugonjwa kifo humuumbua. Methali hii niliikariri tangu nikiwa darasani, lakini ukali wake sikuujua mpaka nilipomtembelea kaka yangu mjini Malaba, kwenye mpaka wetu na Uganda, wakati wa likizo ya shule.

Jua la jioni lilikuwa bado kali. Barabarani malori ya mizigo yalikuwa yamepiga foleni yakingoja kuvuka. Watoto wote walikuwa wakikimbizana uani bila viatu, isipokuwa mpwa wangu wa miaka tisa. Yeye aliketi kizingitini akiwatazama wenzake, miguuni amevaa soksi za shule zilizofika magotini. Nilidhani ana malaria. Nilipomwita tukanawe miguu kabla ya chakula, aliurudisha mguu mmoja nyuma.

"Shangazi, nikikuonyesha hutamwambia baba?"

Nikamwambia anionyeshe kwanza. Chini ya soksi kulikuwa na alama nne za meno, zimevimba na kupakwa majivu. Alikuwa ameumwa na mbwa siku mbili zilizopita, nyuma ya malori, mahali ambapo baba yake alikuwa amemkataza kukanyaga. Mbwa huyo hakumjua ni wa nani. Alijipaka majivu, akavaa soksi, akanyamaza. Siku mbili alikula, akalala na kuchota maji, na hakuna mtu mzima nyumbani aliyejua.

Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba mbwa alikuwa ameshaenda zake, lakini mshipi wa baba ulikuwa bado unaning'inia ukutani.

Ndiyo sababu Jumapili ya leo nimeonelea tuzungumze kuhusu watoto na mbwa.

Ugonjwa usiosamehe

Wengi wetu tunaujua ugonjwa wa kichaa cha mbwa kwa jina tu. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akiuma, au akiramba mahali penye mkwaruzo, virusi huingia mwilini na kuifuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Wakati mwingine huwa juma moja tu, na mara chache hufika mwaka mzima. Katika muda huo wote mtoto huonekana mzima. Anacheza, anakwenda shule, na jeraha linapona. Lakini dalili zikishaanza, kama vile homa, kuwashwa mahali palipoumwa, kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Hadi leo hakuna tiba ya kutegemewa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Takriban visa 99 katika kila 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, hivyo mara nyingi huumwa usoni, kichwani au shingoni, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo si mbali.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ugonjwa huu huzuilika, hata baada ya mtu kuumwa, mradi hatua zichukuliwe mapema. Ndiyo maana nasema siri ya mtoto ni hatari kuliko meno ya mbwa. Meno yana dawa yake, lakini hakuna daktari awezaye kutibu jeraha ambalo hajaonyeshwa.

Mbwa hana pasipoti

Wakazi wa Busia na Malaba wana sababu ya ziada ya kuwa macho. Tangu mwaka 2018, kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mjini Busia, msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mbwa hajui kituo hicho. Yeye hupita njia za panya, anakula mifupa upande huu na kulala upande ule.

Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya huku magharibi mwa Kenya. Waliwafunga mbwa 73 vifaa vya kufuatilia mwendo wao kwa setilaiti. Ilionekana kuwa mbwa wa kawaida hukaa karibu na boma lake sehemu kubwa ya siku, na bado kwa jumla hutembea zaidi ya kilomita 13 kwa siku. Huyo ni mbwa mwenye bwana wake na jina lake. Kwa hivyo yule Simba wako unayedhani amelala chini ya ghala huenda sasa hivi yuko nyuma ya bucha akipigania utumbo na mbwa usiowajua.

Wataalamu husema kuwa mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya iliandaa mpango mwaka 2014 wa kuutokomeza kabisa ifikapo mwaka 2030. Lakini mpango hautamkamata mbwa wako na kumpeleka kwenye sindano. Kazi hiyo ni yako wewe na wanao. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Tunza cheti chake pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto.

Mbwa naye ana haki

Ni kweli kwamba mbwa wengi huku kwetu hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Hata hivyo, mlinzi asiyelishwa hugeuka mwizi. Mbwa ahitaji chakula cha kutosha kila siku, maji safi, na kivuli. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa maana huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa koo au matumbo. Apewe dawa ya minyoo, kwa sababu baadhi ya minyoo yake humwingia mtoto anayechezea mchanga na kula bila kunawa mikono. Na mbwa anayefungwa mnyororo kutwa nzima, huku kila apitaye akimrushia jiwe, hujifunza kwamba binadamu ni adui. Siku mnyororo utakapokatika, wa kwanza kulipa deni hilo atakuwa mtoto.

Tuwafunze watoto kuisoma lugha ya mbwa. Mbwa aliyekunja mkia kati ya miguu, aliyelaza masikio, aliyekakamaa mwili mzima au anayetazama kando huku weupe wa jicho ukionekana, anaomba aachwe. Kutikisa mkia si ishara ya furaha wakati wote. Na anaponguruma anatoa onyo. Baadhi yetu humpiga mbwa kwa sababu amemngurumia mtoto. Hilo ni kosa, kwani mbwa huyo hujifunza kunyamaza, na siku nyingine huuma bila kutoa onyo. Badala yake mwondoe mtoto, kisha jiulize alikuwa akimfanyia nini mnyama huyo.

Sheria za nyumbani ni chache na mtoto wa chekechea anaweza kuzikariri. Usimguse mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa au anayenyonyesha. Usimvute mkia wala masikio, na usimkumbatie. Usimguse mbwa wa watu kabla ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kama mbwa huyo alizaliwa humo humo nyumbani.

Na akikutana na mbwa asiyemjua njiani? Asikimbie wala kupiga mayowe, kwa kuwa kinachokimbia hufukuzwa. Awe mti: asimame wima, akunje mikono kifuani, atazame chini, asimkodolee macho. Mbwa akishamnusa na kuchoka, ataondoka. Akiangushwa, awe jiwe: ajikunje, afiche uso, afunike masikio na shingo kwa mikono, atulie. Fanyeni mazoezi haya uani kama mchezo. Watoto huyafurahia mno.

Sabuni kwanza

Turudi Malaba. Jioni ile nilimketisha mpwa wangu kwenye jiwe la kufulia. Wifi yangu akawa anamimina maji, nami nikaliosha jeraha kwa sabuni. Dakika 15 kamili kwa saa ya mkononi. Laiti tungejua, tungefanya hivyo dakika ile ile alipoumwa, lakini kuchelewa si sababu ya kuacha. Maji mengi yanayotiririka pamoja na sabuni huondoa na kuua sehemu kubwa ya virusi. Majivu, pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri na lile jiwe jeusi la kunyonya sumu havisaidii kitu. Vingine huzidisha jeraha na kupoteza wakati.

Kituo cha afya cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo. Hatukurudi nyumbani kungoja. Tulipanda matatu usiku ule ule hadi kwingine. Huko kijana aliuliza kwa sauti ya kutetemeka kama angechomwa sindano 21 tumboni, kama alivyosikia kwa wakubwa. Muuguzi alicheka. Hadithi hiyo ni ya zamani. Siku hizi mtoto huchomwa mkononi, na mdogo zaidi huchomwa pajani. Kwa kawaida sindano ni nne au tano: siku ya kwanza, ambayo huhesabiwa sifuri, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na pengine ya 28. Jeraha likiwa baya, daktari huongeza dawa nyingine ya kinga mahali palipoumwa. La muhimu ni kuzimaliza sindano zote. Wazazi wengi hukoma baada ya ya pili wakiona jeraha limekauka.

Watu pia huharakisha kumwua mbwa aliyeuma. Ikiwa anajulikana na anaweza kuzuiliwa salama, afungwe, afisa wa mifugo aarifiwe, naye aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, basi hakuwa na virusi mateni siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini mtoto asingojeshwe siku hizo 10 ndipo apelekwe hospitali. Huyu wetu alikuwa ameumwa na mbwa asiyejulikana, hivyo hapakuwa na wa kumwangalia.

Tukiwa kwenye benchi nilimsimulia mpwa wangu habari za Joseph Meister. Mwezi Julai mwaka 1885, mtoto huyo Mfaransa aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Siku mbili baadaye mama yake alimfikisha Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuchomwa chanjo hiyo. Alichomwa sindano 13, akaishi hadi utu uzima. Dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895.

"Alikuwa na miaka mingapi, Shangazi?" akaniuliza.

"Tisa, kama wewe."

Akaunyosha mkono wake mbele ya muuguzi.

Mshipi ukutani

Tuliporudi, kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba mwanawe alipita nyuma ya malori, na niliona macho yake yakielekea ukutani. Nikamwambia, "Kaka, ukimchapa leo kwa kuumwa, siku nyingine atakufa na siri yake." Alisimama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama mtoto amekula.

Simsemi kaka yangu kwa ubaya. Yeye alimkataza mtoto mahali pa hatari, na alikuwa na haki. Lakini kuna makosa mawili hapa, na tusiyachanganye. Kwenda mahali palipokatazwa ni jambo la kuzungumzwa kesho, jeraha likishaoshwa. Kuficha jeraha ndilo linaloweza kuua, na mtoto huficha kwa sababu sisi wakubwa tumemfundisha kuogopa. Leo jioni waite wanao wote, wakubwa kwa wadogo, uwaambie maneno haya: akiumwa, akikwaruzwa au akirambwa na mbwa penye kidonda, aseme papo hapo, na hatapigwa. Kisha mtimizie ahadi hiyo.

Mpwa wangu alimaliza sindano zake zote. Sasa ndiye mwalimu wa mchezo wa mti na jiwe mtaani kwao, na alimshika Simba kamba siku walipompeleka kuchanjwa. Soksi zile amezirudishia kazi yake: huzivaa akienda shule.

Hadi Jumapili ijayo panapo majaliwa, kwaherini.