Boksi la maziwa na kiyoyozi

Wikiendi nilikuwa nyumbani Chwaka. Kaka yangu, mtoto wa ami, anafanya kazi kwenye hoteli moja huko pwani, sitaitaja. Kanionesha chumba: mgeni yuko baharini anaogelea, mlango wa baraza wazi, kiyoyozi digrii 16 kinapoza bahari. Na ile sehemu ya ukutani ya kuchomeka kadi ndiyo umeme uwake? Imechomekwa kipande cha boksi la maziwa. Basi tena.

Narudi nyumbani, mama kazima friji ili yuniti za TUKUZA zifike Ijumaa. Zikiisha, mita inatukatia bila ya kuuliza. Yaani sie wa balbu nne ndio wa kubanwa?

Mie nasema hoteli na maofisi yafungwe sensa (si ile ya kuhesabu watu jamani). Mlango ukiwa wazi, kiyoyozi kinasimama. Chumba kikiwa hakina mtu, kinapanda wenyewe mpaka digrii 26. Na zote ziungane na kompyuta moja, fundi aone chumba gani kinakula umeme usiku kucha. Hapo boksi la maziwa halidanganyi mtu.

Kaka akanipinga: ukizima kiyoyozi, kwa unyevu wa huku chumba kinaota ukungu. Kweli kabisa, ndio maana chumba kitupu nimesema kupunguza, sikusema kuzima.

Najua kuna watakaosema umeme siku hizi upo tele, Bwawa la Nyerere peke yake megawati 2115. Sawa, lakini Unguja unatufikia kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni mpaka Fumba, na ule uliowekwa 2013 ni wa megawati 100 tu. Na bara bado wanachoma gesi kupata sehemu ya umeme huo, kwa hiyo hicho kiyoyozi kinachopoza bahari kina moshi wake, ila hatuuoni. Ule waya wa zamani ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kizima kilikaa bila umeme mpaka Machi 2010. Nilikuwa mdogo, lakini foleni ya ndoo za maji naikumbuka, na majenereta ya mahoteli yakinguruma usiku.

Kaka anasema bosi wake jibu lake moja: mgeni kashalipa. Nimemwambia amuulize bili ya mwezi inafika ngapi. Akithubutu, nitawaambia.