Pomboo Asiye na Miguu

Katika mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa moja si mbali na Makangale. Mwanachuo alikwisha andika ubaoni alama za mamalia: miguu minne, manyoya, kuzaa, kunyonyesha. Mtoto wa mvuvi akainua mkono: "Maalim, na pomboo? Baba asema humnyonyesha mwanawe." Akajibiwa kuwa pomboo hana miguu wala manyoya, kwa hiyo ni samaki. Darasa likacheka, naye akaketi. Mtoto ndiye aliyesema kweli.

Kosa hilo si la mwanachuo yule peke yake. Hata Linnaeus, bingwa wa Sweden, hapo mwanzo aliwaweka nyangumi pamoja na samaki. Mwaka 1758 ndipo alipowahamishia kwa mamalia. Mzizi wa kosa ni mazoea yetu ya kufundisha uainishaji kama orodha ya alama za kukariri. Orodha hueleza kilichopo, haielezi kilichopotea.

Wazee wa pomboo walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne, walioingia majini yapata miaka milioni 50 iliyopita. Miguu ya nyuma ilififia kizazi baada ya kizazi, lakini haikufutika kabisa. Vipande vidogo vya mifupa ya nyonga vingalimo ndani ya nyama, na kijusi cha pomboo huchipua miguu hiyo tumboni mwa mama, kisha ikanywea. Mwaka 2006, huko Taiji, Japani, alinaswa pomboo mwenye jozi ya pili ya mapezi, mahali pale pale ambapo miguu ingekuwapo. Hata manyoya: pomboo huzaliwa na vinywele vichache mdomoni, navyo hupukutika. Nyoka naye ni wa ukoo wa wenye miguu minne, na chatu angali na vijikucha viwili karibu na mkia. Mnyama hupangwa kwa nasaba yake, wala upungufu wake haumtoi katika ukoo.

Twapenda somo lianze na mkono wa mtoto mwenyewe. Aupapase: mfupa mmoja juu ya kiwiko, miwili chini yake, kisha kiganja na vidole. Halafu achorewe pezi la pomboo, na bawa la popo wa Pemba, yule alalaye mitini katika msitu wa Ngezi na asiyepatikana kwingine duniani. (Achorewe, twasema, asitumwe kumwinda.) Ataiona mifupa ile ile. Orodha ije baadaye, na mbele ya alama ya miguu na ya manyoya yaandikwe maneno "kwa kawaida".

Yule mtoto hatukumwona akiinua tena mkono siku ile.