Bure, Tena Usiku
Tarehe 21 Juni nilikuwa Paris, mfukoni nauli tu. Nilitoka kununua mkate, nikarudi saa nane usiku. Kila kona bendi: wazee na saksafoni, vijana na ngoma, baba anacheza na mtoto mabegani. Hakuna tiketi, hakuna VIP. Wizara yao ya Utamaduni ndiyo iliyoanzisha Fête de la Musique, mwaka 1982.

Sasa usiniambie Nairobi hatuna pesa. Spika tunazo, wasanii tunao, mitaa tunayo. Tunachokosa ni serikali isiyoogopa vijana wakisimama pamoja usiku. Kwetu mkiwa kumi kwenye kona, huo tayari ni mkutano haramu.

Paris, ugenini, hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Nyumbani niliulizwa kabla sijafika stage.