Theluji haipokei amri, bunduki inapokea
Anayedai baridi kali haimhusu mwindaji atazame Wyoming, Marekani, majira ya baridi ya 2022 hadi 2023. Theluji iliganda ikawa ngumu kama sakafu, vichaka wanavyokula kulungu vikafukiwa, na karibu watoto wote wa kundi la kulungu wa milima ya Wyoming Range wakafa. Jimbo likapunguza maelfu ya vibali vya uwindaji, na lilifanya vyema. Najua wawindaji mtasema dume mmoja akipigwa risasi uzazi haupungui, na kwamba theluji imeua wengi kuliko bunduki. Kweli kabisa. Ila theluji hakuna wa kuizuia, bunduki tunaweza. Tena mnyama akikurupushwa kwenye theluji ya magotini hupunguza akiba yake ya mafuta, hata risasi ikimkosa. Aliyekwisha kulipia safari na asubiri mwaka mwingine.