Vipepeo vya Kitale na Magunia ya Bungoma

Katika mji wa Kitale lipo jumba la makumbusho lililozaliwa na mapenzi ya mtu mmoja kwa wadudu. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza, alikusanya vipepeo, ndege na vitabu kwa miaka mingi, akafungua makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha vitu hivyo kwa taifa pamoja na fedha za kujengea, na jumba jipya likafunguliwa mwaka 1974.

Huenda msomaji akauliza: vipepeo vikavu vya bara vyatuhusu nini sisi watu wa mwambao? Vyatuhusu, kwa kuwa adui wao ni jamaa wa adui wa vitabu vyetu. Kipo kidudu kidogo mfano wa punje ya uwele, mabuu yake yana manyoya, ambaye hula kipepeo mkavu akabakisha pini na vumbi. Ndugu zake hula ngozi, manyoya, mbao na karatasi. Sote tuliopita chuoni twaijua habari ya ile hati ya Makureshi ya kuwasusia Bani Hashim, iliyotundikwa ndani ya Al-Kaaba ikaliwa na mchwa. Kidudu yule aliondoa dhulma. Wa leo hachagui. Nina sanduku la vitabu vya marehemu baba yangu ambavyo ukivitikisa hutoka unga.

Zamani wenye makumbusho walitumia sumu: zarniki, naftalini, DDT, na moshi wa methili bromidi. Sumu hizo ziliwadhuru watunzaji wenyewe, na vitu vingi vya kale hata leo havishikwi ila kwa glavu. Methili bromidi iliingizwa katika Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu anga, na nchi kama zetu zikapewa muda hadi 2015 kuiacha, ila kwa kazi chache maalumu.

Ndipo ikaja njia ya kumnyima mdudu pumzi. Hewa tuivutayo ina oksijeni sehemu 21 kwa mia. Kitu hutiwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ikaingizwa nitrojeni, au vikawekwa vipakiti vya unga wa chuma ambao hunywa oksijeni unaposhika kutu, mpaka ibaki chini ya sehemu moja katika elfu. Mdudu hupumua kwa vitundu vya ubavuni. Akikosa pumzi huviacha wazi, maji yakamtoka, akafa mkavu. Wiki tatu hivi katika joto la digrii 25 humaliza mayai, mabuu na wakubwa.

Kutoka Kitale nilishuka Bungoma, na huko nikaiona elimu hiyo hiyo ghalani kwa mkulima. Mahindi yake yamo ndani ya gunia lenye mifuko miwili ya plastiki, limefungwa kikiki. Hana nitrojeni wala chuma. Fukusi na dumuzi (yule mgeni kutoka Amerika aliyeonekana Taveta mwaka 1983) hupumua wenyewe mpaka hewa ikawaishia. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, hao wajinyonga wenyewe." Sijasikia maelezo ya sayansi yaliyo mafupi kuliko hayo.

Lakini tusikimbilie kutia misahafu ndani ya magunia ya mahindi. Gunia lile hufanya kazi kwa kuwa limejaa punje, hewa ni chache na wadudu ni wengi. Sandukuni mwa vitabu hewa ni nyingi na wadudu labda kumi. Hawataimaliza, watakula kwa raha zao. Hapo chuma au nitrojeni havina budi, pamoja na kipimo cha oksijeni. Kitale nako, kwa baridi yake ya mlimani, wiki tatu hazitoshi, maana mdudu wa baridi hupumua polepole na kufa polepole. Kwa hili Pwani tumebahatika. Tena, rangi chache, kama ile buluu ya Prussia, hugeuka zikikosa oksijeni, na mfuko ukishafunguliwa mdudu mwingine aweza kuingia jioni ile ile.

Vifaa vyenyewe si vya kututisha. Kazi kubwa ni imani. Nyumba nyingi za Lamu, Siyu na Mombasa zina hati zilizoazimwa na wageni zisirudi, na wenyewe leo hawatoi hata ukurasa. Basi chumba kimoja cha namna hii kikifunguliwa Pwani, na kiwe ambapo mwenye msahafu wa babu yake ataufunga mfuko kwa mkono wake, apewe stakabadhi, na baada ya wiki tatu aufungue mwenyewe.