Mtoto anasoma Kiingereza kama mtangazaji, lakini anaelewa?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka Tabora mjini kwenda Nzega kikazi. Puge iko karibu katikati ya safari hiyo, na mama yangu mdogo ana mji wake pale. Kupita bila kuingia kungekuwa kosa ambalo ukoo mzima ungelisikia kabla jua halijazama.

Nilimkuta ameketi kivulini, mkono kiunoni. Mgongo unamsumbua tangu msimu wa kuvuna mpunga.

"Mwangaluka, mama mdogo."

"Mwangaluka, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Pembeni yake kulikuwa na boksi la dawa ya maumivu, parasetamoli, alilonunua dukani. Maandishi yote ya Kiingereza. Akamwita mwanawe wa kidato cha nne: "Baba, hebu soma hapa. Wanasema nimeze vingapi?"

Kijana akasoma, sauti safi, matamshi yamenyooka kama mtangazaji wa redio: "Do not exceed eight tablets in twenty-four hours." Mama mdogo akanitazama kwa fahari. Mtoto anajua Kiingereza.

"Wanasemaje sasa?"

"Wanasema umeze vidonge vinane kwa siku, mama."

Nikaliomba lile boksi. Sentensi ile haimwambii mtu ameze vidonge vinane. Inamkataza kupita vinane. Kwa mtu mzima, ni kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, halafu asubiri angalau saa nne kabla ya kurudia. Vinane ni ukomo, si dozi. Parasetamoli ikizidi inaumiza ini, na ini linaweza kuanza kuharibika mgonjwa akiwa bado anajiona mzima. Nilipomuuliza zaidi, mama mdogo alisema anatumia pia dawa ya mafua. Dawa nyingi za mafua huwa na parasetamoli ndani yake. Angemeza nane za boksi hili pamoja na zile za mafua, angekuwa amevuka ukomo bila kujua.

Ukurasa huu mmezoea niwaandikie habari za chanjo, lishe na homa za watoto. Leo naandika kuhusu somo la Kiingereza, hasa lile swali la kusoma habari na kujibu maswali, ambalo walimu huliita ufahamu. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Lakini pale kivulini Puge niliona kuwa swali hili halitafutiwi alama tu.

Kosa si la mtoto peke yake

Sikumcheka mdogo wangu, maana nami nilikuwa hivyo hivyo. Nikiwa kidato cha pili niliwahi kupata alama mbili kati ya kumi kwenye ufahamu. Nilikuwa nimejibu kila swali, tena kwa mwandiko mzuri. Nilichofanya ni kutafuta neno la kwenye swali ndani ya habari, kisha nikanakili sentensi nzima iliyokuwa na neno hilo. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umenakili, hujajibu."

Wanaokaa kidato cha nne leo katika shule nyingi za serikali walisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengine. Walipofika kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hesabu zote zikageuka Kiingereza. Mtoto anayeishi kwa Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani na Kiswahili sokoni anatakiwa kuivuka mto huo kwa wiki chache.

Jambo hili linajulikana siku nyingi. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kama lugha ya kufundishia. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona kiko chini mno kubeba masomo mengine. Mjadala haujaisha mpaka leo, na wazazi mna haki ya kuwa na maoni yenu. Ila Novemba haitasubiri mjadala uishe.

Mzazi asiyejua Kiingereza ndiye mtahini mzuri

Wazazi wengi huniambia, "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidia nini?" Mama mdogo aliniambia hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba yeye ndiye msaada wenyewe.

Mzazi anayejua Kiingereza ni rahisi kudanganyika. Mtoto akisoma vizuri kwa sauti, mzazi anajazia maana mwenyewe kichwani na kudhani mtoto naye ameipata. Asiyejua hana cha kujazia. Mtoto lazima amweleze mpaka aelewe. Akibabaika, wote wawili wataona.

Fanya hivi. Mtoto asome aya moja kimya. Afunike kitabu. Akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwezi kama ndiyo lugha ya nyumbani, kilichosemwa. Kisha muulize maswali manne: Ni nani? Amefanya nini? Kwa nini? Na la nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: umejuaje? Hapo afunue kitabu na akuonyeshe kwa kidole mstari uliompa jibu. Akishindwa kuuonyesha, alikuwa anakisia.

Mkoa wa Tabora una mfano mkubwa wa jambo hili. Julius Nyerere alisoma Tabora, akarudi kufundisha St. Mary's hapo hapo mjini, na baadaye akaichukua tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar akaiweka katika Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1963. Huwezi kuisema kwa lugha yako habari ambayo hukuielewa. Mtoto wako hatakiwi kutafsiri Shakespeare. Aanze na aya moja baada ya chakula cha jioni.

Akimaliza kueleza, arudi kwenye Kiingereza, maana mtihani unataka jibu la Kiingereza. Aandike sentensi moja fupi kwa maneno yake. Moja tu, iliyo sahihi.

Mfano mdogo

Siku ile nilimwandikia mdogo wangu habari ya mistari miwili kwenye karatasi: "The dispensary opens at eight, but Asha's mother arrived before dawn because the queue is long by seven. She went home without medicine all the same."

Swali la kwanza: Why did Asha's mother arrive before dawn? Akajibu haraka: "The dispensary opens at eight." Nikamuuliza, umejuaje? Akaitazama habari, akanyamaza, kisha kidole kikatembea mpaka kwenye neno "because". Jibu ni foleni, wala si saa ya kufungua. Akaandika: "She wanted to avoid the long queue." Maneno yake, jibu lake.

Swali la pili: Did she get the medicine? Akasema ndiyo, kwa sababu ameona neno "medicine". Neno dogo "without" alilipita kama mtu anayepita jiwe njiani. Halafu "all the same" ikamtia shaka, kwa kuwa maneno yote matatu anayajua moja moja. Nikamwambia asikimbilie kamusi, atazame jirani zake: mama amewahi alfajiri, lakini ameondoka bila dawa. Basi maana lazima iwe "hata hivyo".

Hapo ndipo alama nyingi hupotelea. Watoto hukariri maneno makubwa na kupuuza yale madogo yanayogeuza sentensi nzima: not, without, except, unless, although, hardly. Kwenye boksi la dawa, "not" na "exceed" ndizo zilizobeba sentensi yote.

Ratiba ya dakika 25

Mara tatu kwa wiki zinatosha, dakika 25 kila mara. Nimependekeza hii nyumbani kwa mama mdogo, nawe unaweza kuibadilisha kulingana na kazi za kwako.

Kwanza, asome maswali kabla ya habari. Atajua anatafuta nini.

Pili, asome habari yote mara moja bila kusimama, hata akikutana na maneno asiyoyajua. Anayesimama kila neno akifika mwisho amesahau mwanzo.

Tatu, arudie akiwa na penseli, apige mstari panapojibu swali.

Nne, ajibu kwa kufuata amri ya swali. "According to the passage" inataka kilichomo kwenye habari, wala si anachokijua yeye kuhusu malaria au ufugaji. "In your own words" inakataza kunakili. Akiulizwa kichwa cha habari, kigusie habari yote, si aya ya kwanza peke yake.

Tano, achukue maneno matano tu mapya, kila moja na sentensi yake, ayaandike kwenye kijidaftari. Orodha ya maneno hamsini ya kukariri husahaulika kabla ya Jumapili.

Vya kusomea vipo bila gharama kubwa. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake mitihani iliyopita, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo zinaonyesha majibu halisi ya wanafunzi, mazuri na mabaya, na kueleza kosa lilikuwa wapi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Simu unayosomea makala hii inaweza kuvifungua. Riwaya ambazo shule nyingi husoma kwa fasihi, kama Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala inayohusu Ukimwi, nazo ni mazoezi mazuri. Na usisahau karatasi zinazokaa ndani ya maboksi ya dawa.

Kabla ya kusema mtoto ni mzito

Hapa narudi kwenye kazi yangu. Mtoto anayeshindwa kusoma habari ndefu huenda haoni vizuri. Je, anakunja macho akitazama ubaoni? Anasogeza kitabu karibu na pua? Anaumwa kichwa akisoma, au ananakili kwa jirani badala ya ubaoni? Mpeleke hospitali ya wilaya, uliza huduma ya macho. Miwani haifundishi Kiingereza, ila asiyeona herufi hafundishiki.

Angalia na mwanga. Kusoma karibu na kibatari kunachosha macho, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Kama kuna taa ya sola, basi saa ya kusoma apewe yeye kwanza. Angalia tumbo: mtoto aliyetoka asubuhi bila uji hawezi kushika aya tatu kichwani. Na usingizi. Umri huo unahitaji saa nane hadi kumi. Anayekesha akikariri huamka na maneno mengi na maana chache.

Jambo la mwisho, tena kwa wazazi wa mabinti: dakika 25 ziwe zake kweli. Nimeingia nyumba nyingi ambako kijana anasoma na dada yake, wa darasa lile lile, anachota maji. Mtihani ni mmoja kwa wote wawili.

Jioni ile, kabla sijaondoka Puge, nilimrudishia mdogo wangu lile boksi la dawa. Akalisoma tena, safari hii polepole, bila ile sauti ya redio. Mama yake akamuuliza, "Wanasemaje?"

"Wanasema usizidishe vinane, mama. Hata kama maumivu hayajaisha."

"Umejuaje?"

Akaweka kidole kwenye neno "not". Mama mdogo, ambaye hajawahi kukaa darasa la Kiingereza hata siku moja, akainama akalitazama lile neno la herufi tatu. Akasema, "Kumbe ni hiki kidogo hivi." Kisha akachukua ile dawa ya mafua akanikabidhi nikamwangalizie nayo imeandikwaje.

Nilimpa mwanawe aisome.