Msiizike 486

Wenzangu mnaojiita waandishi chipukizi, hebu tuambiane ukweli. Kila nikiuliza riwaya imefika wapi, jibu ni lile lile: "Nangoja laptopu." Wengine wamengoja mpaka ndevu zimeota, sura ya kwanza bado. Ukiwaonyesha 486 iliyotupwa stoo wanacheka, eti hilo kopo!

Mimi nasema kopo hilo linatosha na kubaki. Riwaya ya maneno 80,000, ukipiga herufi saba kwa neno, ni herufi 560,000. Disketi moja inabeba baiti 1,474,560. Riwaya mbili zinaingia, na barua zenu za mapenzi juu yake.

Mafundi wa mjini wanadai mfumo wake haupatikani tena. Uongo mtupu! Mwaka 1994 Jim Hall, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, aliposikia Microsoft inataka kuachana na MS-DOS, alianzisha FreeDOS. Ni ya bure na ya halali, kwa hiyo mtu asinitishe na neno "wizi". Toleo la 1.3 lilitoka mwaka 2022, na lina seti ya disketi kwa mashine zisizo na CD.

Kinachowashinda wengi ni kitu kidogo sana. Wanapata lile faili lenye picha ya disketi, wanalikopi kama wanavyokopi barua, kisha mashine inawagomea na wao wanailaani. Jamani, ile si barua! Ni disketi nzima, sekta kwa sekta, pamoja na ile sekta ya kwanza ambayo kompyuta huitafuta inapowaka. Lazima iandikwe kwenye disketi kwa programu kama RAWRITE, au dd kwa wenye Linux. Kompyuta ya kuazima inatosha, mradi uwe na kifaa cha disketi cha kuchomeka USB. (Disketi za stoo zijaribu kwanza, nyingi zina ukungu.) Baada ya hapo ni FDISK kuigawa diski kuu, FORMAT kuiandaa, halafu unalisha disketi moja moja kadiri unavyoambiwa. Vilivyokuwemo vyote vinafutika, basi mwulize mwenye mashine kabla.

Mtasema ni ushamba. Haya, George R. R. Martin alisema mwaka 2014 kwamba riwaya zake anaziandika kwa WordStar 4.0, kwenye kompyuta ya DOS isiyo na intaneti. Huyo ana pesa za kununua duka zima, bwana! Anachokikimbia ndicho mnachokililia: mashine inayojifanya kukusahihisha kabla hujamaliza neno. Na sisi wa Kiswahili tunaumia zaidi. Andika "ninakupenda" kwenye kompyuta ya ofisi ya mtu, uone litakavyochorewa mstari mwekundu kama kosa la mtihani.

Zangu ni SURA01 hadi SURA14, maana jina la faili halitaki kuzidi herufi nane. Mhariri akizitaka nitampelekea disketi. Akisema hana pa kuichomeka, tutagombana naye toleo lijalo.